Nina domeni 41, mke wangu anadhani nabeti

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, tunaishi Mbeya mjini. Nina steshenari ndogo karibu na Kabwe: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, kuwaombea vijana mkopo wa chuo, na kuwasajilia watu majina ya biashara BRELA wale ambao mtandao unawapiga chenga. Shule zikifunguliwa nafunga duka na elfu themanini mkononi. Siku nyingine elfu kumi na mbili, na hapo umeme bado sijanunua. Nayasema haya ujue kwamba sikuwa nachezea pesa. Nilikuwa natafuta cha pembeni.

Miaka miwili iliyopita nilisoma kwamba mwaka 2019 jina la voice.com liliuzwa dola milioni 30. Jina tu, Shangazi. Si jengo, si gari. Nikaendelea kusoma usiku ule mpaka bando likaisha. Kazi yenyewe niliielewa hivi: unanunua domeni, yaani jina la tovuti, wengine wanaita kikoa. Unaliweka kwenye masoko ya mtandaoni ya majina, unataja bei, mwenye shida nalo anakufuata. Kila mwaka unalilipia ada. Nikajiambia hiki ni kiwanja, tena kiwanja kisicho na fensi wala jirani wa kusogeza mipaka.

Nilianza na matatu. Sasa ninayo 41. Kumi na saba ni ya .com, tisa ni ya .co.tz, na kumi na tano yanaishia na .online au .store, niliyapata kwenye ofa ya Novemba mwaka jana kwa dola moja na nusu kila moja. Mengi nimeyatunga kwa vitu vya kwetu: mchele wa Kyela, parachichi za Rungwe, kahawa ya Mbozi, mbao za Mafinga, viazi, safari za Ruaha. Nimeshatoa kama milioni moja na laki mbili. Nimeuza moja tu, kwa dola 240. Soko lilikata asilimia 25 yake, nikabaki na dola 180, kama Sh450,000. Siku ile nililala nacheka.

Sasa ada. Yale ya dola moja na nusu, mwaka wa pili yanataka dola 30 kila moja. Kuyabeba yote 41 mwaka mzima ni kama Sh1,900,000, na karibu yote yanaangukia Novemba. Nyumba yetu ya Uyole imefika kwenye lenta. Tulikubaliana bati zipande kabla ya mvua, na hela ya bati ipo benki, milioni mbili na laki moja, kwa jina langu.

Mama watoto hajui lolote. Ana genge la mboga Soweto, na ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Ofa ile ilipotoka niliomba mkopo wa kikoba, laki sita, nikasema ni wa wino wa mashine. Wino nilinunua wa laki moja na nusu, iliyobaki iliingia kwenye majina. Nimerejesha, nimebakiza laki moja na sabini. Kisha mwezi wa saba akaona kwenye simu yangu ujumbe wa kadi ya mtandaoni: umelipa dola 39, saa sita na dakika kumi usiku. Akaniuliza, "Baba, ni mikeka au ni mwanamke?" Nikamjibu ni mambo ya ofisi. Tangu hapo anapika, tunaongea ya watoto, lakini simu yangu ikiita anaangalia ukutani. Nikimwambia ni domeni ataniuliza ziko wapi, nimwonyeshe nini? Hewa? Hataelewa.

Habari njema ni kwamba mnunuzi amejitokeza. Anataka jina langu la mchele kwa dola 4,500. Anachodai ni cheti cha tathmini ya jina, kutoka kwa kampuni aliyonitajia mwenyewe, dola 120. Nimeona nilipe, maana hiyo inamaliza kila kitu.

Kuna jambo jingine dogo. Mwezi wa tano alikuja mama mmoja wa Tukuyu mwenye lodge, nikamsajilia jina la biashara BRELA, akanilipa elfu ishirini ya mkono. Usiku uleule nikaisajili .com ya jina lile. Nikaiweka sokoni dola 1,200. Wiki iliyopita alirudi kutoa kopi za orodha ya bei za vyumba. Alikuwa na kitenge cha kijani chenye ndege, amebeba karatasi kwenye mfuko wa sukari zisilowe. Akaniambia, "Mwanangu, kijana wangu wa Dar anatengeneza tovuti, anasema kuna mtu ameshakalia jina langu. Mtu gani huyo ananijua?" Nilimpa kiti. Nilitoa kopi thelathini, sikumtoza. Hajui ni mimi, jina langu limefichwa kwenye kumbukumbu za usajili. Biashara ni biashara, lakini nilitaka kukutajia.

Je, nitumie hela ya bati nihuishe yote, nisubiri moja lilipe? Au niyaache yafe? Na mke wangu nimwanzeje?

Mwenye Majina, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo. Unauliza kuhusu ada ya Novemba: majina 41 upande mmoja, bati upande mwingine, na mke asiyejua kwa nini mume wake analipa dola usiku wa manane. Nitafika huko. Ila nianze na hiyo dola 120, kwa sababu yale mengine yana nafasi ya kufikiri na hili huenda ukalifanya leo jioni.

Mtego wa cheti cha tathmini ni wa zamani katika biashara hii. Anayejiita mnunuzi na mwenye "kampuni" ya vyeti huwa ni mtu mmoja, au wawili wanaogawana. Unalipa, cheti kinakuja kizuri chenye mhuri, kisha mnunuzi ananyamaza. Mnunuzi wa kweli hamtumi muuzaji kulipa kwanza. Hela yake huiweka kwa mtu wa kati, kama Escrow.com, jina likihama ndipo inaachiwa. Mjaribu: mwambie akate hizo dola 120 kwenye dola 4,500 zake na mpitie kwa mtu wa kati. Akikubali, nitakuomba radhi hadharani kwenye safu hii. Wewe kila siku unawakanya wateja wako wasitume hela kwa mtu wasiyemjua, nina hakika.

Sasa kiwanja. Ulifananisha domeni na kiwanja, na nadhani mfano huo umekugharimu. Kiwanja cha Uyole ukikichelewesha kodi ya ardhi, kesho hakimwendei mwingine. Domeni hainunuliwi ikawa yako daima, inakodiwa kwa mwaka. Mimi ningeifananisha na kizimba cha soko. Unalipia iwe umeuza au hujauza, ukiacha kulipa anakaa mwingine, na kodi hupanda: hata bei ya jumla ya .com, ile ambayo wasajili wote, yaani kampuni zinazokuuzia majina, wanailipa kwa Verisign, kampuni inayoendesha .com, ilifika dola 10.26 Septemba 2024. Mwenye vizimba 41 hujiuliza kila mwezi kipi kinapitiwa na watu.

Na voice.com? Aliyeuza ilikuwa kampuni ya programu ya Marekani, MicroStrategy, iliyokuwa nayo miaka mingi. Aliyenunua, Block.one, ilikuwa kampuni yenye mamilioni, inaanzisha mtandao wa kijamii na inataka neno lile na si jingine. Maneno mafupi ya Kiingereza ya aina hiyo yaliondoka zamani. Domeni ya kwanza ya .com ilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, wewe hata hujazaliwa. Sikuambii hivi kukucheka. Habari za mauzo makubwa husomwa na kila mtu, na hakuna anayeandika habari ya jina lililokaa miaka sita bila kuulizwa.

Wazoefu wa kazi hii hukadiria kwamba kati ya majina mia, huuzwa moja au mawili kwa mwaka. Kwa majina yako 41, hiyo ni kama moja kila baada ya mwaka na kitu, au hata miaka miwili na nusu. Wewe umeuza moja kwa miaka miwili. Kwa hiyo, mwanangu, huna mkosi na wala hukuwa mjinga. Uko palepale walipo wenzako. Shida iko kwenye bei. Ili Sh1,900,000 irudi, unahitaji kubaki na dola 760, na soko likikata robo yake, inabidi uuze kwa zaidi kidogo ya dola 1,000. Hiyo ni kama unauza kila mwaka. Ukiuza mwaka mmoja na kuruka mmoja, inabidi iwe zaidi ya dola 2,000. Uliyouza ilikuwa 240. Hapo sitii neno, nakuachia namba.

Kuna kitu kingine nimekiona kwenye hesabu yako ambacho hukukisema. Majina kumi na tano ya .online na .store, kwa dola 30, ni dola 450, yaani Sh1,125,000. Zaidi ya nusu ya bili yako inatoka kwenye yale uliyoyaona ya bure. Yale ya .com yote kumi na saba, kwa dola 13, ni kama Sh550,000. Ya .co.tz, kama bado ni elfu ishirini na tano kila moja, ni Sh225,000. Unapouliza "nihuishe yote au niache yote" unayafunga mafungu matatu kwenye gunia moja, na hayana uzito sawa.

Njia ya kuhuisha yote ipo. Faida yake ni kwamba hutajilaumu likitokea la kuuzika. Hatari yake ni mvua. Matofali ya lenta yakinyeshewa kuanzia Novemba mpaka Mei, unayajua mwenyewe, na mkeo atakuwa anapita pale akitazama juu. Njia ya kuacha yote ipo pia, nayo ina maumivu yake, kwa sababu utakuwa umezika pamoja na mabovu hata hayo matano au sita ambayo moyoni unajua ni mazuri. Katikati kuna kuchambua. Ukienda huko, jiulize kwa kila jina: ninaweza kumtaja mtu wa aina gani hasa, leo, anayelihitaji na mwenye hela? Muuza viazi wa Isyonje namjua, anauza Dar kwa simu na WhatsApp, tovuti hana habari nayo. Msafirishaji wa parachichi anayetafuta wanunuzi Ulaya ni mtu mwingine kabisa. Majina ya Kiswahili yana wanunuzi wachache kwa sasa. Mimi naamini wataongezeka, lakini imani yangu hailipi ada yako.

Unaweza pia kuacha kusubiri mnunuzi, ukalivalisha jina: kurasa tatu, picha, namba ya simu, ukampangisha msafirishaji mmoja kwa mwezi. Kazi hiyo unaiweza kuliko wanaoketi Ulaya na majina elfu tano. Ila ni kazi, haikai pembeni. Itataka saa za steshenari.

Ukihitaji muda wa kupumua, jua kwamba .com haifi siku ileile. Wasajili wengi huacha wiki kadhaa, isizidi siku 45, ambazo unaweza kuhuisha kwa bei ya kawaida. Baada ya hapo kuna siku 30 za kukomboa, na ukombozi huo ni ghali, unaweza kufika dola 80 au zaidi. Kisha siku tano, ndipo linaachiwa. Ila soma masharti ya msajili wako, kwa maana wengine huyapiga mnada mapema majina mazuri yaliyopita muda. Na kabla ya yote ingia uangalie kama umewasha malipo ya kujirudia. Kadi yako inaweza kukatwa hata kabla hujaamua, tena saa sita na dakika kumi usiku.

Nije kwa mama watoto. Umeandika kwamba hataelewa. Huyu ni mweka hazina wa kikoba, anayejua nani amechelewa rejesho kwa siku ngapi na faini yake ni kiasi gani. Kweli mtu huyo hawezi kuelewa ada ya mwaka? Naogopa kwamba ataelewa haraka sana, na ndicho unachokihofia. Ataelewa kwamba mkopo wa wino haukuwa wa wino, na kwamba aliyeuandika kwenye daftari ni yeye. Siku hilo likitoka kwa mtu mwingine, hatakuwa na aibu ya mke tu, atakuwa na aibu ya mweka hazina mbele ya wenzake. Ukimaliza laki moja na sabini kimyakimya, huenda lisitoke kamwe. Watu wengi wameishi hivyo. Lakini alikuuliza swali moja lenye majibu mawili, mikeka au mwanamke, ukamwacha achague mwenyewe. Tangu mwezi wa saba anaishi na mojawapo, na yote mawili si kweli. Sijui kama ulilipima hilo.

Kusema nako kuna hatari. Anaweza kukutaka ufute yote siku hiyohiyo, na kwa hasira mkafuta hata ya maana. Anaweza kusema hela ya bati ihamie kwake. Ungekuwa tayari? Afadhali ujibu hilo ukiwa peke yako kwanza.

Na sasa jambo lako "dogo".

Katika barua nzima, hakuna mahali ulipoandika kwa makini kama hapa. Voice.com uliipa mistari miwili. Mama wa Tukuyu umenipa rangi ya kitenge, ndege, mfuko wa sukari, kiti na kopi thelathini zisizolipiwa. Mtu haachii kopi thelathini kwa jambo dogo, kwa bei ya karatasi ilivyo.

Kwa upande wa kanuni, hali iko hivi. Neno parachichi ni la kila mtu, ukiwahi umewahi. Jina la biashara ya mtu ni jambo jingine. Tangu mwaka 1999 ICANN, chombo kinachosimamia majina haya duniani, ina utaratibu wa kumnyang'anya jina aliyelisajili kwa nia mbaya, na kulisajili kwa ajili ya kumuuzia mwenyewe kwa bei inayozidi gharama ni moja ya alama za nia hiyo. Lakini mlalamikaji lazima aonyeshe haki ya alama ya biashara, ambayo si sawa na jina lililosajiliwa BRELA, na kupeleka shauri WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu linaloamua kesi hizo, ni dola 1,500 kwa kuanzia. Mama wa lodge hatazitoa. Kwa hiyo inawezekana kabisa ukashinda kwa sababu hana hela ya kukushitaki. Umesema biashara ni biashara. Hilo jina hukulipata kwa kubahatisha soko, ulilipata kwenye kaunta yako, kwa mteja aliyekulipa umshike mkono. Na wateja wa steshenari yako ndio wanaokulisha, siyo majina.

Ukilishikilia, kijana wake wa Dar huenda akachagua jina jingine, ukabaki na .com ya lodge isiyo yako. Ukimwachia kwa gharama, dola 13 zako, utalazimika kumwambia ni nani, au utafute njia ya kupitia sokoni bila kujitaja. Kila moja ina usingizi wake. Ukiliacha liishe muda Mei ijayo, mwingine anaweza kulidaka kabla yake. Kitaalamu hakuna kizuizi: siku 60 za mwanzo ambazo jina jipya haliwezi kuhamishwa kwa msajili mwingine zimeshapita, ni kuomba msimbo wa kuhamisha na kumpa kijana.

Nimewaza pia utakavyoanza na mkeo, kama utaanza. Usianze na voice.com. Printi karatasi moja yenye majina yote 41, bei ya kila moja na tarehe ya kuisha, umkabidhi asome mwenyewe jioni genge likishafungwa. La lodge nalo liwemo. Akifika lile la viazi huenda akacheka. Huenda pia akakunja karatasi, akanyamaza siku mbili, halafu akarudi na maswali ya mweka hazina.

Niandikie tena, hata kama umeamua kinyume na unavyodhani ningependa. Na uniambie bati zilipanda lini.

Shangazi